Mgeni anapokuja kutibu watoto wetu



Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Likasi hatuhitaji kufundishwa methali hiyo. Mji wetu, tangu siku ulipoitwa Jadotville, umejengwa na watu waliotoka mbali: wa Kasai, wa Rwanda na Burundi, wa ng'ambo ya mpaka huko Zambia, na Wabelgiji wa Union Minière waliofuata shaba. Mgeni akibisha hodi kwetu anapewa kiti, na baadaye sahani ya bukari na sombe.

Juma hili tunazungumza juu ya mgeni wa namna moja tu: yule anayesafiri kutoka nchi nyingine na kuja kujitolea katika kituo cha afya cha kijijini. Katika Afrika ya Mashariki wageni wa namna hii ni wengi. Wengi ni vijana wa Ulaya na Marekani. Wanakuja wakati wa likizo, au wametumwa na kanisa, au wamelipa pesa kwa shirika linalopanga safari hizo. Wanakaa majuma mawili, mwezi mmoja au miezi mitatu, kisha wanarudi kwao. Na kuna mabinti zetu pia, wanaosomea uuguzi au uzalishaji, wanaotamani siku moja kuvuka Kasumbalesa wakasaidie Zambia, au kufika hata Tanzania.

Methali inasema mwenyeji apone. Anaponywa na nini hasa? Moyo mwema wa mgeni unatosha? Kabla ya kujibu, tuwaeleze jambo lililotokea Uganda. Kila mama anapaswa kulijua, kwa sababu waliolipeleka mahakamani walikuwa wamama kama sisi.

Yaliyotokea Jinja

Jinja ni mji wa Uganda, kando ya Ziwa Victoria, pale mto Nili unapotoka ziwani. Mwaka 2007 alifika huko Renee Bach, msichana Mmarekani wa miaka 18 kutoka jimbo la Virginia. Alijitolea katika nyumba ya yatima kwa miezi tisa, kisha akarudi kwao. Mwaka 2009 alirejea Jinja na kuanzisha shirika lake mwenyewe, Serving His Children. Alianza kwa kuwapa watoto wa mtaa maskini chakula cha moto. Hakuna mama ambaye angeona ubaya katika hilo.

Baadaye alianza kupokea watoto wenye utapiamlo mkali na kuwalaza katika nyumba ya shirika. Hakuwa daktari, wala hakuwa muuguzi. Hakuwa amesomea utabibu wowote. Aliajiri wauguzi wa Uganda, lakini mkuu wa nyumba alikuwa yeye. Kwa hesabu yake mwenyewe, kati ya mwaka 2010 na 2015 walipokelewa pale watoto 940 wenye utapiamlo mkali, na 105 kati yao walikufa. Mwaka 2015 wakuu wa afya wa wilaya walikifunga kituo hicho.

Januari 2019 wamama wawili waliopoteza watoto wao walipeleka mashtaka katika Mahakama Kuu ya Jinja. Walisaidiwa na Women's Probono Initiative, shirika la Uganda linalowatetea wanawake mahakamani bila kuwadai malipo. Wamama hao walieleza kwamba waliamini wanampeleka mtoto hospitalini na kwamba yule msichana ni daktari. Walisema walimwona amevaa koti jeupe, na shingoni kile kifaa cha kusikiliza moyo. Julai 2020 shauri lilimalizika kwa mapatano. Kila mama alipewa dola za Marekani kama 9,500, na upande ulioshtakiwa haukukiri kosa.

Ni haki tuseme na upande wa pili. Bach alikana kwamba alijifanya daktari. Waliomtetea walisema watoto wale walifika wakiwa karibu na kufa, na ni kweli kwamba utapiamlo mkali unaua hata katika hospitali nzuri. Sisi si mahakama. Lakini kuna jambo moja ambalo hata watetezi wake hawalikatai: mtu asiyesomea utabibu aliendesha nyumba ya kulaza watoto wagonjwa sana, na kwa miaka mingi wamama walimkabidhi watoto wao. Walikuwa wageni mbele yake katika nchi yao wenyewe.

Kwa nini njaa kali haiponywi kwa chakula peke yake

Baadhi yetu watauliza: mtoto ana njaa, anapewa chakula, hatari iko wapi? Hapa ndipo moyo mwema unapoweza kuua, na tunaomba msome polepole.

Mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu kwa utapiamlo, mwili wake umejifunza kuishi kwa kidogo. Moyo unapiga kwa udhaifu, figo zinachoka, joto la mwili linashuka, sukari ya damu inapungua. Anaweza kuwa na maambukizo makali bila kuonyesha homa. Ukimshibisha ghafla, mwili hauwezi kubeba mzigo huo. Ukimwekea seromu nyingi kwenye mshipa kama ungefanya kwa mtoto mwingine anayeharisha, maji yanaweza kuuzidi moyo na akafa usiku ule ule. Hata damu ya kuongezewa inahesabiwa kwa uangalifu mkubwa.

Ndiyo sababu hospitalini wanaanza na maziwa maalumu yanayoitwa F-75, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Mtoto anapewa joto, anatibiwa maambukizo, anapimwa kilo kila siku. Akianza kupata nguvu na hamu ya kula, ndipo wanamhamisha kwenye maziwa ya F-100 au kwenye ile pakiti ya karanga, Plumpy'Nut. Kazi hii ina kanuni, na kanuni hizo zimeandikwa kwa sababu ya watoto waliokufa kabla hazijajulikana. Mtu mwenye huruma ambaye hajazisoma hawezi kuzibahatisha.

Wageni wawili wa Addis Ababa

Sasa tutoke Uganda twende Ethiopia, tuone mgeni wa namna nyingine, ili tusifikiri kwamba kila anayetoka mbali ni hatari.

Mwaka 1959 Catherine Hamlin wa Australia na mume wake Reginald wa New Zealand, wote wawili madaktari wa wanawake, walifika Addis Ababa. Walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu kuanzisha shule ya wazalishaji katika hospitali ya serikali. Huko walikutana na wanawake wenye fistula. Ugonjwa huu tunaujua hapa Congo. Mama anashikwa na uchungu siku nyingi mbali na hospitali, mtoto anakwama, nyama za ndani zinaoza, tundu linabaki, na mkojo unatoka bila kukoma. Mtoto mara nyingi anazaliwa amekufa, na mama anatengwa kwa sababu ya harufu.

Madaktari hao walijifunza upasuaji wa fistula na wakaendelea kukaa. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula mjini Addis Ababa. Reginald alikufa na kuzikwa huko huko. Catherine aliendelea na kazi mpaka uzee wake, akafariki mwaka 2020 akiwa na miaka 96. Wanawake waliotibiwa katika hospitali hiyo na matawi yake wanapita 60,000.

Lakini tunachotaka mkione si hesabu hiyo. Katika miaka ile ya kwanza alifika kwao msichana wa kijijini, Mamitu Gashe, ambaye aliumia katika uzazi wake wa kwanza na hakujua kusoma. Alipotibiwa alibaki hospitalini akitandika vitanda na kuwahudumia wagonjwa wengine. Wakaanza kumfundisha chumbani mwa upasuaji, hatua kwa hatua, chini ya macho yao, mpaka yeye mwenyewe akawa mpasuaji wa fistula anayefundisha madaktari kutoka nchi nyingine. Na mwaka 2007 kikafunguliwa chuo cha wazalishaji kinachochukua wasichana wa vijijini, kinawasomesha, kisha kinawarudisha kufanya kazi karibu na kwao.

Tazameni tofauti. Wageni hawa walikuja na elimu na vyeti vya kazi yao. Waliitwa na hospitali ya nchi na walifanya kazi chini ya sheria zake. Kubwa kuliko yote, walifundisha watu ambao wangebaki. Catherine Hamlin amekufa, na wanawake wa Ethiopia bado wanatibiwa.

Wanaojitolea wa kwanza ni wetu

Turudi kwetu. Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Hapa mjini na kando kando yake tunazijua zoni za Likasi, Panda na Kikula, na ukitoka nje ya mji kuna Kambove na Kapolowe. Kila zoni ina daktari mkuu wake na hospitali kuu ya rufaa. Chini yake kuna maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo kinachoongozwa na muuguzi mkuu, yule tunayemwita IT. Pembeni yake kuna kamati ya eneo, CODESA, ambamo watu wa kijiji wana sauti.

Halafu kuna mareko. Hawa ndio wanaojitolea wa kwanza wa kila kituo, ingawa hakuna anayewapiga picha. Ni jirani zetu. Wanatembea nyumba kwa nyumba siku za chanjo, wanamkumbusha mama mjamzito siku ya kupimwa, wanajua ni nyumba gani ina mtoto anayekonda na ni baba gani anayekataa chanjo. Hawana mshahara wa mwezi. Mvua ya Januari inapokata njia, wao wako pale. Mgeni akienda, wao wako pale.

Kwa hiyo kipimo chetu cha mgeni ni rahisi. Mgeni mzuri anawaacha IT, mzalishaji na mareko wakiwa na nguvu kuliko alivyowakuta. Mgeni mbaya, hata akiwa na tabasamu, anawasukuma kando. Anagawa vitu bure kwa juma moja na kumfanya muuguzi wetu aonekane si kitu, kisha anaondoka na kumwachia watu waliopoteza imani naye.

Maswali matano ya kuuliza bila haya

Wazee walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni naye anaingia katika utaratibu wa nyumba. Mama ana haki ya kuuliza, na kuuliza kwa upole si kumfukuza mtu. Kama unaogopa kuuliza peke yako, nendeni watatu, au pelekeni swali kwa CODESA.

La kwanza: nani anamjua? IT anapaswa kuwa na habari zake, na daktari mkuu wa zoni pia. Mgeni aliyepita njia ya pembeni, hata kama amekuja na padri, mchungaji au mbunge, bado hajapita mlangoni.

La pili: ana karatasi gani? Daktari anayetibu katika nchi yetu, hata akitoka nchi nyingine, lazima atambuliwe na Baraza la Madaktari. Wauguzi nao wana baraza lao. Koti jeupe linauzwa sokoni, cheti hakiuzwi. Mwanafunzi wa udaktari ni mwanafunzi, si daktari, na anafanya kazi akisimamiwa.

La tatu: je, kwao angeruhusiwa kufanya kazi hii? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Msichana wa miaka 19 ambaye Ubelgiji au Marekani hawezi kuruhusiwa kumzalisha mtu, kumshona kidonda au kumtia sindano mtoto, asiruhusiwe kufanya hivyo Mulungwishi wala Kambove. Mwili wa mtoto wa Kisanga si daftari la mazoezi.

La nne: tunaelewana? Bibi anayesema Kisanga na mgeni anayesema Kiingereza wanahitaji mtu katikati, na mtu huyo awe mfanyakazi wa kituo, si mtoto aliyeokotwa njiani. Mama aelezwe ugonjwa, dawa na hatari yake, kisha akubali au akatae. Na picha vilevile: picha ya mtoto wako uchi, au akilia kwa maumivu, haiendi Ulaya bila ruhusa yako. Ukikataa picha, matibabu hayapaswi kupungua hata kidogo.

La tano: akiondoka, nani anaendelea? Kama ameanzisha dawa ya miezi sita na yeye anakaa majuma matatu, nani atatoa iliyobaki? Kama amempasua mtu, nani atamfungua nyuzi? Jibu liwe jina la mtu anayekaa hapa.

Neno juu ya masanduku ya dawa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba dawa za msaada zikifika nchini ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika, ziwe zile zinazotumika nchini, na maandishi yake yasomwe na wafanyakazi wa afya wa huko. Dawa inayobaki mwezi mmoja si zawadi. Ni takataka iliyosafirishwa. Mgeni akitaka kuleta kitu, amuulize IT kwanza. Huenda akaambiwa kwamba kinachokosekana ni glavu, ndoo zenye bomba, taa ya jua ya chumba cha kuzalishia, au mizani mpya.

Kwa mabinti zetu wanaotaka kusafiri

Binti, ukipata nafasi ya kwenda kusaidia nchi nyingine, sheria ni ile ile, safari hii wewe ndiye mgeni.

Zambia, Tanzania na Kenya zote zina mabaraza yanayosajili wauguzi, wazalishaji na madaktari, na cheti chako cha Congo hakikupi ruhusa ya kutibu huko mpaka baraza la nchi hiyo likubali. Andika mapema, miezi kabla ya safari. Beba nakala za vyeti vyako na kitabu chako cha chanjo, kwa maana bila ile kadi ya homa ya manjano unaweza kukwama mpakani. Uliza kituo kinahitaji nini kabla ya kuwaambia unachotaka kufanya. Ukifika, kaa siku za kwanza ukitazama na kusikiliza. Ukiambiwa ufanye jambo usilolijua, sema wazi: sijafundishwa hili. Neno hilo halikushushi heshima.

Na yule asiye na cheti chochote cha afya asifikiri hana kazi. Kituo cha kijijini kina kazi nyingi zisizogusa mwili wa mgonjwa: kupanga kadi na vitabu vya wagonjwa, kuchota maji, kupaka chokaa ukuta, kutengeneza paa linalovuja, kupika uji pamoja na wamama siku ya mafundisho ya chakula, kuandika majina siku ya kupima watoto kilo. Mgeni anayekubali kazi hizo kwa furaha, huyo ana moyo mwema kweli, kwa sababu hakuja kutafuta kuitwa daktari.

Kipimo kinachokaa mkononi mwako

Tusingoje mgeni wala daktari kujua kama mtoto yuko hatarini. Waombeni mareko ule mkanda wa rangi tatu wa kupimia mkono. Unatumika kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5. Unauzungusha katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, bila kukaza. Kijani, kuanzia sentimita 12.5, ni vizuri. Njano, kati ya 11.5 na 12.5, mpeleke kituoni juma hilo hilo. Nyekundu, chini ya 11.5, mpeleke leo.

Tazama na miguu. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba huku ukihesabu mpaka tatu, kisha uachilie. Kama mashimo yanabaki miguu yote miwili, mpeleke leo, hata kama mkanda unaonyesha kijani na hata kama mashavu yake yanaonekana yamenona. Na mtoto anayekataa kula, anayetapika kila kitu au anayelala bila kuamka vizuri, huyo apelekwe mara moja, asipewe kwanza dawa ya mtaani.

Tunaomba kila kikundi kisome maswali haya matano kwa sauti katika mkutano wa juma lijalo, na wale wanaojua kusoma wawasomee wale ambao hawakupata shule. Chagueni wamama wawili wa kuyapeleka kwa IT wa eneo lenu. Mwambieni hivi: mgeni akija tutampokea na tutampikia, lakini tutamuuliza. Wamama wa Jinja walipata majibu yao mahakamani, watoto wakiwa wamekwisha kuzikwa. Sisi tuyapate mlangoni mwa kituo.